Mtu Aliyembeba Baba Yake kwenye Hela ya Fedha

Tanga

Kaka Masunga,

Mwangaluka. Hujambo wewe, na Mayu, mama yetu, mgongo wake vipi siku hizi? Huko Dutwa mvua imeshika, au mnapanda pamba kwenye vumbi? Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaniandikisha hii barua.

Bado niko kwa yule mzee Mgiriki wa mkonge. Anakusanya hela za fedha za Warumi wa zamani, wale wa kwenye Biblia. Ndogo kama kifungo cha koti. Macho yake yamekwisha, basi kila Jumapili namfungulia droo, naziangalia kwa kioo cha kukuzia, namwambia picha. Wafalme wenye pua kubwa, farasi, hata tembo. Tunacheka.

Jumapili iliyopita akanipa moja. "Haya Luhende, unaona nini?"

"Mtu yuko uchi, anatembea. Begani kambeba mzee mwenzako."

Akacheka. "Mwenzangu ana bahati! Huyo ni baba yake. Mji wao unaungua, mtoto anamtoa."

Nikairudisha hela kwenye droo.

Kaka, ule mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipofika Dutwa mara ya kwanza, Baba akazidiwa, ukaja kwangu mbio: "Lete baiskeli tumpeleke hospitali Bariadi." Nikakwambia mnyororo umekatika. Haukukatika. Baiskeli ilikuwa ndani, nimeifukia kwenye pamba. Niliogopa wale watu wataondoka na lori lao kabla sijawafikishia mzigo wangu. Ukambeba Baba mgongoni mpaka barabarani. Nilikuona dirishani, miguu yake inaburuta. Akakufia pale pale mkisubiri basi.

Msibani ukanishika bega: "Usilie mdogo wangu, baiskeli mbovu siyo kosa lako." Hilo neno ndilo lililonihamisha. Siyo kazi.

Ukiona inafaa kumsomea Mayu, msomee. Nataka nije kaburini niliseme hili kwa mdomo, wewe ukiwepo. Lakini sipandi basi mpaka useme njoo.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu wa kule Binza aliyenilisha nikisoma Maswa.

Mzee aliniruhusu, nikaweka karatasi juu ya ile hela nikasugua kwa penseli. Picha ndiyo hiyo hapo chini. Anayebeba ni wewe. Mimi nimejitafuta pande zote mbili za hela, sijajiona.

Mdogo wako,
Luhende