Mama Oliva na Kompyuta Yenye Ngome

Sumbawanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku juu kwenye baridi, nikiomba barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limepunguza kuuma na ng'ombe wote wanarudi salama kutoka malishoni. Mwanao Kabula ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa huku. Asubuhi ukungu unakuja mpaka mlangoni na watu wanafika sokoni wamejifunga blanketi. Nimeshazoea. Limi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, leo soma polepole, maana nina jambo refu.

Bado niko kwa Mzee Silvanus, yule Mfipa mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi ya mabasi. Siku hizi ameweka na kompyuta za intaneti, zinazoleta habari na barua kutoka nchi za mbali kupitia waya wa simu. Ili kompyuta ifungue hizo kurasa inahitaji programu yake, ambayo vijana wa mjini wanaiita brauza. Kwa kawaida ni kitu cha kijivu kisicho na furaha, kimejaa maandishi ya Kiingereza. Lakini mpwa wa Mzee alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na sidii, kile kisahani cha kompyuta, ya gemu la vita vya zamani, na ndani yake mlikuwa na brauza iliyotengenezwa ifanane na gemu lenyewe. Akaiweka kwenye kompyuta ya pembeni, akaondoka zake.

Mama, sijui nikuelezeje. Ukiifungua unaona ngome ya mawe imesimama juu ya kilima, na lango lake linafunguka taratibu kama linakukaribisha wewe. Pa kubonyeza hapana maneno, ni picha tu. Kurudi ulikotoka, kuna farasi anayegeuza shingo. Ukitaka barua, kuna njiwa mwenye bahasha mdomoni. Na ukurasa ukikawia, jambo ambalo huku ni la kila siku, askari mdogo mwenye ngao anapanda ngazi za mnara. Akifika juu anapiga baragumu, ndipo ujue ukurasa umemaliza kufunguka. Mara ya kwanza nilisahau kazi, nikabaki namtazama anavyopanda.

Mzee hakuipenda. Aliniambia, "Kabula, iondoe hiyo. Watu wa halmashauri wakiingia hapa wataona tunacheza." Nikamwomba aiache kwenye mashine ile moja tu, kwa sababu wanafunzi wanaigombea. Akaguna, lakini akaiacha.

Basi kuna mama mmoja mkulima wa ulezi, anatoka kijiji kilicho mbele ya Laela. Anaitwa Mama Oliva. Oliva ni binti yake, umri wake kama wa Limi, na moyo wake ulikuwa mbovu tangu utoto. Akitembea kutoka nyumbani hadi kisimani anakaa chini njiani. Padri wa parokia yao aliwatafutia wafadhili, Oliva akapelekwa India kupasuliwa, akisindikizwa na Sista Inviolata ambaye ni muuguzi. Sista akaahidi kuleta habari kwa barua pepe, hapa dukani kwetu.

Barua ya kwanza ilipofika nikamsomea Mama Oliva kwamba wamefika salama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante binti, lakini mimi nimechoka kusomewa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mume wangu alilazwa Mbeya. Kila aliyetoka huko aliniambia anaendelea vizuri. Hivyo hivyo, anaendelea vizuri, anaendelea vizuri, mpaka nikaona gari linaingia uani na jeneza. Walikuwa wananihurumia, najua. Safari hii nataka nione mwenyewe."

"Lakini mama, hujui kusoma."

"Ndiyo. Nioneshe hivyo hivyo."

Nilikaa nikamfikiria sana. Kisha nikamwongoza kwenye kompyuta ya pembeni. Lango la ngome lilipofunguka alifanya ishara ya msalaba, akasimama wima kama yuko kanisani. Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikwa na butwaa vilevile. Nikaliunganisha sanduku la barua na yule njiwa ili akimbonyeza tu lifunguke. Nikamfundisha kusukuma mausi, kile kidude kinachoongoza mshale kwenye kioo. Mwanzoni mshale ulimkimbia huku na huku, lakini mikono iliyozoea jembe haichoki upesi. Nikamwonesha na herufi ya kwanza ya jina la mtoto wake. Akaitazama, akasema, "Kumbe Oliva anaanza na ungo." Nikamwandikia Sista, naye akakubali kuweka jina la Oliva mwanzoni mwa kila barua, na kutuma picha.

Kuanzia hapo kila siku ya soko Mama Oliva alikuja, akakaa mwenyewe, akabonyeza njiwa, akatafuta ungo wake. Kulikuwa na picha ya hospitali, na picha ya Oliva kitandani amevaa gauni la kijani. Halafu Sista akaandika kwamba kesho yake angepasuliwa. Baada ya hapo, kimya. Mama Oliva alihamia kwa ndugu yake hapa mjini, akawa anafika kabla hatujafungua. Anabonyeza njiwa, hakuna ungo. Anabonyeza farasi, anarudi langoni, anaanza upya. Mama, mimi nilianza kuogopa kumtazama usoni.

Siku ungo ulipotokea, nilikuwa namhudumia mteja. Nilisikia tu kiti kikisogea. Barua haikuwa na neno lolote zaidi ya jina, ila picha. Na picha huku haziji kwa mara moja, zinashuka kutoka juu kidogo kidogo, kama pazia. Askari akaanza kupanda ngazi. Tukaona ukuta mweupe, na dirisha. Mzee Silvanus akaja akasimama nyuma yetu, kofia mkononi. Kikatokea kitambaa cha kichwa, kisha paji la uso. Hapo ikasimama, laini ya simu ikawa nzito.  Mama Oliva alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake zilikuwa zinaniingia.

Picha ikashuka tena. Macho yalikuwa wazi, yanatutazama. Shavu likatokea, halafu meno. Oliva alikuwa anacheka. Ikaendelea kushuka, bandeji kifuani, mkono umeshika ukuta, na mwisho kabisa miguu miwili imekanyaga sakafu. Alikuwa amesimama. Askari akafika juu, baragumu likalia duka zima.

Mama Oliva hakupiga vigelegele. Aligusa kioo pale kwenye miguu, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu hakuna aliyenisimulia." Mzee alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Kisha Mama Oliva akaniambia anataka kumjibu mwanawe. Nikamwambia aseme, niandike. Akakataa. Akatafuta ungo kwenye vitufe, akaubonyeza, akauona unatokea. Akabonyeza tena, na tena, mpaka mstari ukajaa herufi O mwanzo hadi mwisho. Ndivyo tulivyoituma.

Nisalimie Babu, na shangazi anayeuza dagaa, na kaka yangu anayechunga. Mwambie mjomba fundi baiskeli namkumbuka. Viatu nilivyomwahidi Limi vitakuja na basi.

Sista ametujibu jana. Anasema Oliva aliomba ile barua ichapwe kwenye karatasi, anaiweka chini ya mto akilala, na kila muuguzi anayepita anamwambia kwamba mama yake ameanza kumwandikia.

Nabaki mwanao akupendaye,
Kabula