Cheche na Rangi ya Kucha

Alhamisi. Mvua imekatika tangu adhuhuri, Katwe yote inanuka udongo na vyuma vinavyochomelewa. Leo nimeweza kula. Jana sikuweza.

Majirani zetu wameondoka. Majina yao sitayaandika, hata humu.

Mume ni hakimu. Wiki hii alimwachia huru mtu ambaye wakubwa walitaka afungwe, na jana alfajiri rafiki yake alikuja kumnong'oneza kwamba wanajeshi watamfuata. Wakapakia nguo garini, yeye na mkewe mwenye mimba kubwa. Gari likakataa kuwaka.

Mke ndiye aliyetugongea mlango. Alimtaka Baba, fundi wa siku zote wa mtaa huu. Lakini macho ya Baba hayaoni tena vitu vidogo. Akanishika bega, tukatoka pamoja.

"Petroli inafika, naisikia harufu yake," alisema. "Tafuta cheche, mwanangu."

Nikafungua plagi moja, nikaichomeka tena kwenye waya wake na kuiegemeza kwenye chuma cha injini. Hakimu akapiga starta. Giza tupu. Nikachomoa ule waya mnene utokao kwenye koili, inayozalisha umeme wa cheche, nikaushika kwa kitambaa kikavu, ncha yake karibu na chuma. Akapiga tena.

Cheche ya buluu ikaruka, ta! ta!

Basi koili ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa unapotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Nikafungua kifuniko cha distributa, ile inayougawa kwa kila plagi. Ndani mlikuwa na unyevunyevu wa mvua, na ufa mwembamba kama unywele, mweusi kwa masizi. Umeme ulifuata ufa ule ukaishia kwenye chuma.

Kukausha peke yake kusingetosha. Na kifuniko kipya ukitafute wapi, tangu wenye maduka ya spea walipofukuzwa nchini?

Nikaukwangua ufa kwa wembe mpaka weusi ukaisha. "Nataka kitu cha kuuziba," nilimwambia Baba. "Kisichopitisha umeme."

Mke wa hakimu akafungua mkoba wake. "Rangi ya kucha haifai?"

Nilitaka kumkumbatia.

Nilipaka, nikawa napuliza ikauke, ndipo askari akatokea kwenye kona, bunduki begani.

"Nyinyi nafanya nini hapa?"

Niliendelea kupuliza. Baba akajibu kwa sauti yake ya kila siku, "Gari imekataa, afande. Huyu mama amekaribia kujifungua. Binti yangu anatengeneza."

Askari akalitazama tumbo, kisha akanitazama mimi na mafuta yangu mikononi. "Mwanamke iko fundi? Haya, washa nione."

Nikafunga kifuniko, nikarudisha plagi na nyaya moja moja, hakimu akapiga starta. Injini ikashika papo hapo. Askari akacheka kwa sauti, akalipiga gari kofi kama mtu anayemfukuza ng'ombe. "Enda! Enda! Mtoto nakuja!"

Hakimu akaondoa gari bila kumtazama hata mara moja.

Usiku kucha niliufikiria ule ufa. Je, rangi ikibanduka njiani? Lakini leo jioni Mama Furaha, yule Mkongo anayeuza vitenge, amerudi kutoka Busia, mpakani, na kuja moja kwa moja jikoni kwetu.

"Nimewaona ng'ambo, upande wa Kenya, wanakunywa chai," amesema. "Yule dada anakusalimu. Anasema gari halikukohoa hata kidogo."

Nimelia juu ya sufuria ya maharage.

Bado naogopa. Huenda wanajeshi wakaja kutuuliza, na sijui tutawajibu nini. Lakini baada ya kula Baba ameniwekea ufunguo wa karakana mkononi.

"Watu wakija na magari yao, usiwaambie wanisubiri mimi. Waambie fundi ni wewe."

Kesho nafungua mapema. Nitawaambia hivyo hivyo.