Prosesa ya Pili ya Kaka Mtu

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijazidi kuharibu, maana nyumbani nikieleza kila mtu anacheka na mimi sioni cha kuchekesha. Mimi na mdogo wangu wa kike tunafanya kazi ya kuhifadhi tovuti za watu, tupo chumba cha juu ya duka la miwani, tovuti kama sitini hivi, za shule, zahanati, mafundi fenicha, na zote zinakaa ndani ya seva moja iliyo kwenye kona karibu na dirisha. Yeye ndiye fundi, mimi ndiye naongea na wateja, na kuongea, Mama, nimejaliwa.

Basi siku shule moja ilipotoa matokeo ya mitihani, wazazi wote walifungua tovuti kwa wakati mmoja na seva ikalala. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyepandisha sauti, akapanda ngazi zetu mwenyewe, akaketi, akauliza kumetokea nini, na badala ya kusema sijui, ngoja fundi aangalie, nikamwambia tatizo ni kwamba seva yetu ina prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa kuchapa kazi, wenye seva za maana wote wana mbili, na mwezi huu nanunua yenye mbili. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu anaangalia kioo cha kompyuta. Alisubiri mgeni ashuke, akanionyesha kwamba prosesa ilikuwa haijafanya hata robo ya kazi inayoiweza; kilichojaa ni memori, na ukurasa wa matokeo ulikuwa unasoma orodha ya wanafunzi wote upya kila mzazi anapobonyeza. Akaurekebisha kabla ya saa kumi. Akashauri tununue seva ya prosesa moja ya kisasa, tuiongezee memori, na ile ya zamani ibaki ya akiba.

Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshawaambia wenzake, na wakuu wa shule tatu nyingine wakaanza kuniulizia hizo prosesa mbili, na mimi kila nikiulizwa nikawa naongeza chumvi. Ningerudi vipi na moja? Nikafanya ujanja, nikanunua mashine ya mtumba yenye nafasi ya prosesa mbili lakini ndani imo moja, ili nikisema "hii ni mashine ya prosesa mbili" nisiwe nimesema uongo kamili. Mdogo wangu akapachika memori, nusu yake ikakataa kusomeka, kwa sababu, kumbe, matundu ya upande ule yanahudumiwa na prosesa ambayo haipo. Tangu siku hiyo hasemi nami kwa mdomo; nikimwomba kitu ananijibu kwa tiketi, zile jumbe za kompyuta tunazowatumia wateja: "Ombi lako limepokelewa." Na meza zetu zinagusana.

Wiki iliyopita wakuu wote wanne walikuja kuiona, pamoja na mwalimu wa kompyuta. Nikafungua mfuniko kwa mbwembwe. Mwalimu wa kompyuta akainama, akauliza mbona nafasi ya pili bado ina kifuniko chake cha kiwandani. Nikasema hiyo prosesa imepumzishwa.

"Haijawahi kuajiriwa," mdogo wangu akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza baada ya siku tisa.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu akaniambia taratibu, "Mimi sikupanda ngazi kuja kuhesabu prosesa. Nataka kujua siku ya matokeo mzazi atafungua au hatafungua."

 Mwenye jibu, mdogo wangu, alikuwa anakusanya vitu vyake, na sasa yuko kwa mama, simu hapokei, na shule zote nne zinatoa matokeo mwezi ujao siku moja. Mama Mshauri, ninunue prosesa ya pili yaishe?

Kaka Mtu

*

Kaka Mtu,

Pole. Nilikuonea huruma mpaka ulipofika kwenye mbwembwe, hapo nikaiweka barua chini nikanywa maji.

Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia tu, kwa hiyo nimempigia mtu wa kazi hiyo. Anasema kwa tovuti sitini ndogo, prosesa moja nzuri yatosha na kubaki. Mbili ni za mtu ambaye moja yake inahema kila siku, na amepima akaona, si mtu aliyeulizwa swali na mgeni akaona haya. Tena anasema prosesa mbili ndani ya sanduku moja, sanduku likifa zinazikwa pamoja. Heri masanduku mawili. Nilipomsomea ushauri wa mdogo wako aliuliza kama huyo dada anatafuta kazi. Nimemwambia hatafuti. Usinifanye mwongo, mmoja anatosha.

Ukinunua hiyo prosesa, memori itasomeka, mashine itanguruma, na mdomo wako utakuwa umeshinda. Halafu matokeo yakikwama, utampigia nani? Mficha uchi hazai, baba. Ulipewa jibu siku ileile, bure, na mtu wa damu yako, ukaliacha kwa sababu halikutoka kinywani mwako.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi mpigie mwalimu mkuu, umwambie mambo matatu: kwamba hukujua, kwamba ulisema usichokijua, na kwamba aliyerekebisha ni mdogo wako. La nne usiongeze, nakujua. Hiyo mashine ya mtumba itafutie mnunuzi, na umweleze kilichomo na kisichokuwemo. Kisha nenda kwa mama yenu. Usibebe zawadi, usimtume mama akusemee, na usithubutu kusema "tulikoseana", kwa sababu hamkukoseana. Ulikosa wewe.

Mdogo wako akifungua mlango, muombe radhi, kisha muulize anataka mashine gani, na karatasi uwe nayo. Halafu nyamaza mpaka amalize.