Mara Tatu Ukutani

Odessa, Texas
14 Machi 2022

Mdogo wangu Verna,

Salamu kutoka kwenye uwanda huu mkavu ambao sijauzoea hadi leo. U hali gani? Na goti lako je, ulilolitaja kwenye kadi ya Krismasi ya mwaka juzi? Mimi ni mzima, ila masikio yamezidi kufa, na siku hizi daktari anausikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, kisha anaandika.

Nilikupigia simu Januari ukakata. Sikukasirika. Hata ungezungumza nisingesikia vizuri. Kwa hiyo naandika kwa mkono, polepole, kama Mama alivyotufundisha.

Ombi langu ni moja. Pale makaburini Corrigan, katika uwanja wa ukoo wetu, imebaki nafasi moja tu, kati ya Mama na mdogo wetu Emmett. Hati iko kwako. Naomba nikifa nilazwe hapo. Sitaki jiwe kubwa. Nimeishi huku miaka sitini na minne, nikichimba visima vya mafuta katika nchi ambayo ukichimba kaburi, mchanga unarudi shimoni wenyewe. Nikifumba macho naiona reli ya kwetu ikipinda kando ya mto, na miti imeinama juu yake kama watu wanaotafuta kitu majini.

Najua kwamba Baba, baada ya kifo cha Emmett, aliniambia nisikanyage tena bonde lile nikiwa hai. Juu ya maiti yangu hakusema lolote.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Kaka yako,
Lowell


Corrigan, Pennsylvania
2 Mei 2022

Kaka Lowell,

Hujambo huko kwenye mchanga wako? Sisi hatujambo. Goti wamelitoa wakaniwekea la chuma, na sasa ndicho kiungo changu kizuri kuliko vyote. Aprili nzima ilikuwa theluji na matope.

Barua yako imekaa mezani wiki saba, karibu na kopo la chumvi. Nilikuwa naifikiria.

Labda hujui kwamba reli ya bondeni imefufuliwa. Haibebi mafuta tena, inabeba watalii. Treni ya kizamani inatoka Corrigan, inashuka na mto mpaka mwisho wa bonde, inarudi. Saa tatu kwa jumla, Juni hadi Oktoba. Sisi wazee wa mji ndio tunaoiendesha, kwa kujitolea. Kuna na behewa la posta kama yale ya utoto wetu: wageni wanaandika kadi humo, nami nazigonga muhuri kwa mkono. Majira ya baridi muhuri unalala kwangu, kabatini. Tazama bahasha hii. Nimeigonga mwenyewe.

Njoo Oktoba, majani yakiwa mekundu. Upande treni, tupite Wick, nyumbani kwetu. Jibu la kaburi nitakupa ukishashuka. Jambo kama hilo halijibiwi kwa stempu.

Ni mimi mdogo wako,
Verna


Odessa, Texas
9 Juni 2022

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na goti lako la chuma. Afya yangu imepata nguvu tangu nipokee bahasha yako. Nimeiweka dirishani, nautazama ule muhuri nikinywa kahawa. Daktari alinikataza safari. Nikamwambia anikataze mambo mengine, hili limekwisha kuamuliwa.

Nimenunua koti. Muuzaji alinicheka, nje ilikuwa joto la kuyeyusha lami. Nikamweleza kwamba nakwenda kwa dada yangu, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa na miaka tisa, amekalia ngazi za jikoni, hataki kuniaga. Kicheko kikamwisha.

Je, bado mnapika mikate ile myeusi, na jamu ya tufaha? Nyumba ya Wick imebaki hata msingi?

Kuna kitu chako kidogo nimekutunzia miaka yote. Nitakukabidhi tukiwa wawili tu.

Nakuja tarehe 15 Oktoba, Jumamosi. Niwekee kiti upande wa mto.

Kaka yako,
Lowell


Odessa, Texas
23 Oktoba 2022

Verna,

Sijui kama bado u mzima. Nakuuliza kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Mimi nilifika salama. Koti nimelitundika.

Nakuandikia niliyoyaona, ili siku nyingine usiseme nilielewa vibaya kwa uziwi wangu. Kipaza sauti cha treni yenu ni kizuri. Nilisikia kila neno.

Uliniwekea kiti upande wa mto, kama nilivyoomba, mstari wa tatu. Ulinipa mkono, hukunikumbatia. Nikadhani ni haya ya miaka mingi. Kisha treni ikaondoka, nikasikia sauti ya Mama ikitoka darini, kumbe ni yako. Hukuniambia kwamba msimulizi ni wewe. Nilifurahi. Ulieleza visima, majina ya mashamba, mahali palipoungua. Nilitaka kumwambia mama mmoja aliyekaa nyuma yangu kwamba huyo ni dada yangu.

Tulipokaribia Wick treni ikapunguza mwendo. Ukawaeleza wageni kwamba zamani kila nyumba ya bonde hili ilipata gesi bure kutoka kisima chake cha nyuma ya nyumba, kwa bomba lililoingia hadi kwenye jiko. Wakati wa baridi maji yaliyotoka na gesi yaliganda bombani, ikabidi mtu atoke, afunge koki, ayamwage, afungue tena. Na sheria ilikuwa moja, watoto wote waliijua: kabla ya kufunga unagonga ukuta mara tatu kwa spana, walio ndani wajue moto unazimika. Ukifungua unagonga tena, wawashe. Usipogonga, gesi inarudi ndani bila moto, na watu wanalala humo wasiamke.

Ukagonga ukuta wa behewa. Mara tatu. Watoto wakaacha kula aiskrimu.

Ukaendelea. Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, 1958, kijana wa miaka kumi na saba alishuka mlimani na haraka zake, akafunga koki, akafungua, hakugonga. Mdogo wake wa miaka mitano alikuwa ndani na homa, amelala kando ya jiko. Ukamtaja Emmett. Ukanitaja mimi. Mama wa nyuma yangu akamwuliza mumewe kama huyo kijana alifungwa. Mume akajibu kwamba wakati ule uzembe haukuwa na jela.

Kisha ukasema hivi, nayanukuu: "Na leo, wageni wapenzi, kaka huyo tunaye. Mstari wa tatu, upande wa mto. Lowell, simama watu wakuone."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Ni desturi, nadhani. Ukiitwa kwa jina na mwanamke mwenye sauti ya Mama, unasimama. Watu hawakujua wafanye nini, basi wakapiga makofi. Msichana mmoja akaomba apige picha nami.

Nilishuka hapo hapo Wick. Msingi wa nyumba bado upo, mmeuwekea kibao. Nilikaa juu yake saa mbili kusubiri treni irudi, maana njia nyingine ya kutoka bondeni haipo, nikapanda tena chini ya sauti yako. Corrigan nikakuuliza kuhusu kaburi. Ukasema, mbele ya dereva: "Si umeshapigiwa makofi? Unataka na kaburi?"

Dereva alicheka kwanza, kisha akatazama viatu vyake.

Naomba mambo mawili. Iondoe hadithi ile. Na unijibu kama mtu.

Lowell


Corrigan, 6 Novemba 2022
(kadi ya posta, picha ya treni kwenye daraja)

Kaka Lowell,

Hujambo? Huku kumepoa, treni tumeilaza. Watu waliokuwamo behewani siku ile wametuandikia kwamba hawajawahi kuona safari kama ile. Kamati imeomba niongeze habari ya ujio wako, nami nimeongeza.

Kuhusu kaburi: hapana.

Mdogo wako, V.


Odessa, Texas
1 Desemba 2022

Verna,

Tarehe unaijua, ndiyo aliyokufa Emmett. Sitaulizia afya yako leo.

Siku ile nilimtangulia Baba kushuka mlimani kwa sababu buti langu lilikuwa limetoboka. Ilikuwa kama saa nane mchana. Theluji ilikuwa mpya, haijaguswa, isipokuwa sehemu moja. Kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye koki kulikuwa na nyayo, zimekwenda, zimesimama hapo, kisha zimegeukia kibanda cha kuku, ambako nilikusikia ukiimba na kujenga mtu wako wa theluji. Nyayo ndogo, Verna. Na kwenye mpini wa koki ilining'inia glavu ya sufu nyekundu, imeganda kwa baridi.

Niliingia ndani. Nikafunga jiko, nikafungua madirisha, nikamtoa Emmett uani. Nilimshika muda mrefu. Ilikuwa imekwisha.

Ndipo nikaitia glavu mfukoni, nikarudi kwenye theluji, nikakanyaga juu ya nyayo zako moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa za buti langu. Baba alipofika akauliza nani kagusa koki. Nikasema: mimi, nilisahau kugonga.

Ulikuwa na miaka tisa, na mkono wa Baba tuliujua. Mimi ningeweza kuondoka. Wewe usingeweza. Niliamini hukuelewa ulichofanya, nikaapa kwamba utakufa hujui. Nimekitunza kiapo hicho katika kambi za visima, katika ndoa iliyovunjika kwa sababu ya ukimya wangu, na juu ya kile kiti cha mstari wa tatu, kinywa changu kikiwa kimejaa maneno.

Leo nimekivunja. Sitajisingizia kwamba ni kwa ajili ya ukweli. Nimekivunja kwa sababu ya makofi yale. Nataka uumie.

Glavu imo ndani ya bahasha hii. Sasa nipe nafasi yangu kando ya mtoto ambaye sikumuua.

Kaka yako,
Lowell


Corrigan, Pennsylvania
17 Januari 2023

Kaka yangu Lowell,

Natumaini moyo wako bado unasikilizwa. Mimi mzima. Theluji imefika kwenye madirisha, na kijana wa jirani ananisafishia njia bila kuombwa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Unaandika vizuri. Umekosea jambo moja tu: sikuendelea kuimba. Nilinyamaza nilipokuona unatoka na Emmett. Nilisimama nyuma ya kibanda cha kuku na kuchungulia, nikakuona ukikanyaga nyayo zangu, kwa uangalifu, kama mtu anayepanda mahindi.

Kwa hiyo nilijua. Nimejua kila siku.

Alikuwa analia tangu asubuhi. Wewe na Baba mlimani, Mama kanisani akipika chakula cha wawindaji, mimi peke yangu na kilio kile. Nilitaka aonje baridi kidogo ili anyamaze. Nikafunga, nikahesabu mpaka mia, nikafungua. Akanyamaza.

Mama naye alijua. Jioni alinivua koti akaona glavu moja. Hakuuliza ya pili iko wapi. Kesho yake alikaa akafuma nyingine, nyekundu ileile, akanivalisha twende mazishini. Wewe ulikuwa umeshaondoka.

Sasa unadhani ulinipa zawadi. Uliondoka na kosa langu bila kuniuliza. Ningepigwa siku ile, nikalia, yakaisha. Badala yake nilikaa na Baba mezani miaka ishirini na mbili, akikulaani kabla ya chakula, nami nikiitikia amina. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuitikia amina mara ngapi, Lowell, kabla hajaanza kuiamini? Mimi bado sijafika hapo. Ndiyo maana nasimulia. Jambo likisemwa mara mbili kwa siku kwa kipaza sauti, mbele ya watu sitini, kila Jumamosi, huwa limetokea hivyo.

Na nilihitaji usimame. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa sina hakika. Ulipoinuka bila kubisha, nilijua utaendelea kulibeba kosa langu.

Ukitaka kuwaonyesha watu barua hii, waonyeshe. Nitasema akili yangu imeanza kuchoka. Nina miaka sabini na tatu, naishi peke yangu. Hapa hakuna atakayebisha, na watanipikia supu.

Nafasi iliyobaki ni yangu. Jiwe limekwisha kuchongwa jina, Verna Stroup, dada mpendwa, limebaki kujazwa mwaka. Emmett na mimi tuna mazungumzo ambayo hayakuhusu. Wewe lala huko kwenye mchanga wako.

Glavu imefika. Hainienei tena, nilijaribu. Nimeipeleka kwenye kabati la kioo la kituoni, na kikaratasi nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe: Glavu ya marehemu Emmett, aliivaa siku ya mwisho. Imependeza. Iko ya kwanza ukiingia mlangoni.

Treni inaanza tena Juni. Tukifika Wick nitagonga ukuta mara tatu, kama kawaida. Hapo ndipo wageni wanapopapenda zaidi. Wanatulia kabisa, kama wanaosikiliza mtu aliye upande wa pili.

Mdogo wako,
Verna