Mwalimu Rael, Barua ya Akina Mama Imepatikana

Mwalimu,

Imepatikana. Ningeanza kwa salamu, lakini najua ungenikatiza: "Chepkoech, sema jambo kwanza." Basi nasema. Ile barua ya akina mama waliochuma chai na mama yako, ile ambayo watu walisema haikuwahi kuandikwa, nimeishika kwa mikono yangu.

Tangu tukuzike hapa Boito, mvua haijatupa nafasi. Ng'ombe wako yuko kwa dada yako na anakamuliwa vizuri. Watoto wa shule bado wanapunguza kelele wakifika kwenye lango lako, kana kwamba utatoka uwaulize kwa nini wamechelewa. Mimi pia napunguza mwendo hapo. Sijazoea.

Uliponiomba nikuchapie maombi ya ufadhili nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ikawa miaka minne. Ulinisimulia habari za mama yako, Tabutany: jinsi akina mama walivyokuwa wakiwalaza watoto kandoni mwa shamba la kampuni huku wao wakichuma, hadi siku mvua ya mawe iliponyesha na mtoto mmoja akafa. Kesho yake waliweka vikapu chini. Wakamtafuta karani, akawaandikia barua ya kudai nyumba ya kuwakinga watoto. Nyumba ikajengwa, na kijitabu cha historia ya kampuni kikasema meneja alikuwa mtu wa huruma.

Hilo ndilo lililokuchoma. "Huruma gani?" ulikuwa ukiniuliza, kama vile mimi ndiye niliyekiandika. "Walidai. Wakapewa. Andika hivyo."

Tuliomba pesa za kwenda Nairobi kupekua nyaraka za zamani. Tukajibiwa kwamba hatuna ushahidi wa kutosha. Ulicheka mpaka miwani ikakutoka. "Ni nani huenda kisimani na ndoo iliyojaa?" Kisha ukaketi, ukaandika ombi lingine, kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Wafadhili wengine walikubali kutusaidia, lakini tuandike kuhusu nyumba nzuri za mameneja na bustani zao. Mimi nilikuwa nimechoka, Mwalimu. Nilikusihi tukubali, halafu tutafute barua kwa siri. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Mama yangu hakuingia shambani kwa siri." Siku hiyo nilijua nimefundishwa na mtu wa namna gani.

Halafu ukaugua, na tukakosa hata muda wa kuagana vizuri. Hilo bado linaniuma. Nilikuwa nimeenda kukuletea uji. Niliporudi...

Wiki mbili baada ya mazishi, Mama Moraa alikuja kwangu. Unamjua, yule aliyetoka Kisii akiwa msichana, uliyemfundisha kusoma akiwa tayari na watoto watano. Alikuja na akina mama wote wa kituo cha kuuzia majani chai. Walikuwa wameamua kwamba pesa za majani ya siku moja, kila shamba, zitakwenda kwa safari yangu. Nilijaribu kukataa. Mama Moraa akanitazama: "Wewe unakataa kama nani? Hii si yako. Ni ya Mwalimu."

Nikaenda. Pale kwenye jumba la nyaraka hawaruhusu kalamu ya wino, penseli tu, na kila faili huletwa moja moja. Siku nne sikuona kitu ila hesabu za mbolea na malalamiko kuhusu barabara. Siku ya tano nikafungua faili la mambo ya madaktari, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta. Barua ilikuwa katikati. Ukurasa mmoja, wino umefifia, na chini yake majina thelathini na moja, kila jina na alama ya kidole gumba. Tabutany ni wa tatu. Kuna Tapkigen, kuna Kerubo, kuna mmoja ambaye karani aliandika tu "mama wa mtoto aliyekufa." Niliinama mezani nikalia, na mhudumu akasogeza faili karatasi isije ikalowa.

Jumapili iliyopita mchungaji aliniruhusu kuyasoma majina kanisani. Nilipofika kwa Tapkigen, shemeji yako Mzee Joel alisimama. Ndiye aliyekuwa akikuambia kwamba unafuata porojo za jikoni. Akasema, "Huyo ni mama yangu." Akabaki amesimama, kofia mkononi, mpaka nikamaliza orodha yote. Hakuna aliyemwambia aketi.

Mwalimu, ulikuwa na haki miaka yote, na hukuwahi kumpigia mtu kelele kwa sababu hiyo. Sijui kama nitaweza kuwa hivyo. Mimi nina hasira zaidi yako.

Jumanne naenda Kedowa. Huko kuna nyanya mmoja aliyechuma chai enzi zile na amesikia habari za kanisani. Ametuma mjukuu wake aniambie kwamba ana mengi, nije mapema, maana akili yake huwa safi asubuhi. Nakuahidi nitafika kabla ya chai ya saa nne, nitakaa chini, na sitamharakisha.

Saisere, Mwalimu, kwaheri. Pumzika. Sisi tunaendelea.

Mwanafunzi wako,
Chepkoech