Mzaramo, Maua ya Kunde na Safari ya Ujiji

Jumatatu, 1 Oktoba 1951
Nimerudi Ng'ambo, hapa Tabora, na matawi mengine kutoka msitu wa Ntalikwa. Nimeyalaza chini ya godoro, katikati ya magazeti, yakauke. Mgongo unauma, moyo unacheka. Jumamosi Bwana Misitu anatupima sisi wasaidizi wake: tawi mezani, utaje ukoo wake na alama yake. Atakayeshinda atafuatana na kundi la kukagua misitu, njia ya zamani ya misafara, mpaka Ujiji. Babu aliipita akiwa pagazi. Naitaka nafasi hiyo kuliko mshahara.

Jumatano, 3 Oktoba
Msiba. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, ameyatoa matawi yote akakokea moto wa maandazi. Mzaramo huyu! Ni mtani wetu Wanyamwezi, kwa hiyo hata kununa siruhusiwi. Akaniambia, "Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani. Wewe vijiti tu vimekushinda kuvitunza?" Nilicheka mbele yake. Chumbani nikasaga meno. Kazi ya kiangazi kizima, moshi.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimelipiza. Utani una pande mbili. Nimechuma maua ya bustani yake ya uani, ile anayoimwagilia maji ya vyombo. Mtaa mzima ulimsikia akipiga kelele.

Nilikusudia kumkera tu. Lakini nilipoyapanga mkekani nikainama kuyatazama. Ua la nyanya, la biringanya, la pilipili: petali zimeungana chini, ncha zake nyota, vijiti vya chavua vimesimama pamoja katikati. Ndugu wa damu. Boga na tango, yote yana nyuzi za kujisokota na kushika. Ua la kunde: petali moja kubwa imesimama wima, mbili ubavuni, mbili za chini zimeshikana kama mtumbwi. Matawi makavu hayakunionyesha haya hata siku moja. Nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 6 Oktoba
Siku ya kupimwa. Matawi mengine yalipita salama. Tawi la mwisho: maua ya manjano, na tunda kavu la mwaka jana, duara, bapa, miiba katikati. Mninga. Mnyamwezi gani asiyeujua? Lakini ukoo wake? Wenzangu walikataa kwamba ni wa kunde. Ganda la kunde ni refu na hupasuka, hili la duara halipasuki. Mimi pia nilikaribia kukataa. Nikaligeuza ua. Moja wima, mbili ubavuni, mtumbwi chini. Nikasema kunde.

Bwana Misitu aliandika bila kunitazama. Kisha akauliza kama nina viatu vya safari. Sina. Nitaazima.

Jumatatu, 8 Oktoba
Tunaondoka. Bi Mwanahawa alikalia mzigo wangu mlangoni, hainuki mpaka nilipie maua yake. Nikampa kofia yangu. Akaivaa, akainuka, akageukia ukutani. Alikuwa analia. Nami nililia, kidogo.

Jumanne, 9 Oktoba
Kambini. Miombo imetoa majani mapya, mekundu. Mabega yamewaka tangu jana, wenzangu wakanitania kwamba upagazi umekwisha katika ukoo wetu. Jioni hii nimefungua mzigo mpaka chini. Ndani ya shuka, jiwe moja la mafiga ya Bi Mwanahawa. Nimembebea Mzaramo jiwe tangu Tabora.

Nilicheka mpaka mpishi akaja kuniangalia. Sikulitupa. Liko juu ya magazeti yenye matawi ya leo. Linayabana vizuri.