Mikate ya Baga Yenye Iliki

Mama, pole na kazi.

Nyama ya baga nimeshaiumba, iko kwenye friji. Uikaange ukisikia gari langu. Jibini weka juu mwishoni, kabla hujaepua.

Ile mikate iliyofunikwa kwa kitambaa ni ya baga. Najua inanukia mandazi. Asubuhi nilikuwa nikikanda huku nawaza mengine, na mkono ukatia iliki wenyewe, kama kila Jumamosi. Lemayian ameonja akaniambia, "Dada, digrii yote hiyo na bado ni mandazi?" Nimecheka naye, kisha nikaenda kulia kidogo bafuni.

Shida ni kwamba nilijigamba kwa Kimutai kuwa baga najua kupika mwenyewe, mpaka mkate wake. Na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwetu.

~~Nimekimbia dukani kununua mikate mingine.~~ Nimeenda kumchukua kwenye kituo cha treni. Atakula hii hii.

Tafadhali usimwulize habari za ukoo wao kabla hajameza. Na nikirudi peke yangu, mtu asinicheke mpaka Jumatatu.

Binti yako,
Naserian